Gwaride Lililovuka Uwanja

Bendi yetu ya matarumbeta ilikuwa na watu kumi na mmoja, na kaptula za khaki tulizoshonewa na fundi wa Kihindi wa mjini Tabora. Alimpima mtu mmoja tu, mnene kuliko wote, akatushonea wote kwa kipimo hicho. Tulifanya mazoezi mtaani Ipuli baada ya kazi. Mavuno yakiisha, tulikwenda vijijini kwenye mashindano ya gwaride, mara kwa treni, mara juu ya magunia ya pamba kwenye lori la ushirika.

Kanuni za mashindano hayo zilikuwa za zamani kuliko vijiji vyenyewe. Vikundi viwili vinaanza pamoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna alama za mavazi wala za kunyoosha mstari. Watazamaji wanakwenda kunakowapendeza, na filimbi ya mwisho ikilia, waamuzi wanahesabu watu wa upande huu na wa upande ule. Basi.

Safari ninayoikumbuka zaidi ni ya kijiji kimoja cha ujamaa, ng'ambo ya Bukene. Mpiga ngoma kubwa wetu alizaliwa huko, na kiongozi wa kikundi cha wenyeji alikuwa baba yake mzazi. Mzee huyo aliongoza gwaride la wapagazi: wanaume kwa mstari mmoja, mizigo begani, njuga miguuni, baragumu mbele, wakizunguka duara kwa mwendo ambao babu zao walikwenda nao pwani. Alitaka mwanawe arudi kumrithi. Mwanawe alitaka kubaki na bendi. Tuliposhuka kwenye lori wakakutana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo pipa ndilo lililokuweka mjini?"

"Ndilo, baba."

"Mkinishinda leo, sikuiti tena. Nikiwashinda, mvua ya kwanza ikukute hapa, na jembe."

"Sawa, baba."

Kiongozi wetu, askari mstaafu aliyetuongoza kwa fimbo, akamvuta mpiga ngoma pembeni. "Tulia. Mzee ana njuga. Sisi tuna shaba."

Filimbi ikalia. Tulianza tumesimama, na watu wakaanza kuhamia kwetu: watoto kwanza, kisha akina mama na ndoo zao, kisha hata wapiga makofi wa mzee. Kiongozi akaona ushindi umekaribia. Akainua fimbo, akaamuru tutembee.

Katika bendi yetu hakuna aliyegeuka mpaka fimbo igeuke. Vijiji vya zamani vilikuwa na njia zilizopinda, ukikutana na boma la mtu unageuka tu. Kijiji hiki kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa kwa kamba safu mbili, barabara katikati imenyooka. Kiongozi hakuona sababu ya kugeuka. Tukatoka uwanjani na umati wote nyuma yetu, unacheza. Mimi niliwaona waamuzi wakizidi kuwa wadogo, lakini mdomo wangu ulikuwa kwenye tarumbeta. Mpiga ngoma, pembeni yangu, alikuwa anatabasamu. Tulipita nyumba ya mwisho, tukawa kati ya mashamba ya pamba, ndipo filimbi ya mwisho ikasikika kwa mbali.

Waamuzi wakahesabu. Upande wa mzee: watu tisa, wawili wamelala. Upande wetu: hakuna.

Tuliporudi mbio, kiongozi wetu akajaribu. "Ndugu mwamuzi, watu si hawa hapa nyuma yetu?"

"Tumehesabu uwanjani, ndugu," akasema katibu wa kijiji, aliyekuwa mwamuzi mkuu. "Hao walikuwa barabarani. Barabara haishindani."

"Nimeshinda," akasema mzee, akijifuta jasho. "Lakini nyinyi wa mjini, watu wangu mlikuwa mnawapeleka wapi? Kupanda treni?"

Kijiji kizima kikacheka. Mpiga ngoma wetu hakucheka.

Mvua ya kwanza ilipokaribia, akaipangusa ngoma, akaikabidhi, akaondoka kwa treni. Tukampata karani mmoja, aliyepiga kama anayegonga mihuri.

Baada ya mavuno yaliyofuata tulirudi kule. Kugeuka tulikuwa tumekufanyia mazoezi mwaka mzima. Filimbi ikalia, na kutoka kwenye duara la wapagazi ukaja mdundo mzito, ulionyooka, tulioujua. Alikuwa nyuma ya baba yake, na ngoma ya ngozi ya ng'ombe kifuani, njuga zote zinamfuata. Watu hawakusogea kuja kwetu. Nikatazama miguu ya wenzangu: karani alikuwa anapiga lake, nasi sote tunakwenda na ngoma ya ng'ambo.

Mzee alituona. Bila kugeuza kichwa, akanyoosha kidole gumba nyuma yake, kutuonyesha mwanawe.

Kiongozi wetu akasikiliza kidogo, kisha akamgusa karani begani. "Pumzika, ndugu. Mpigaji tunaye."

Karani akashusha mikono, tukaanza kupuliza kwa mdundo wa upande wa pili, na tukashindwa vibaya sana.