Kiti Barazani Siku ya Idi

Mama mkwe wangu ni dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Yeye ndiye aliyetuoza, mimi na mwanawe, hapa Msambweni, na mpaka leo huisifu harusi ile utadhani aliolewa yeye.

Binti yetu alipoanza kuugua, lawama zilikuwa zangu. Mafua yakiingia nyumbani, sisi tulipiga chafya siku mbili tatu tukasahau. Mtoto alilazwa, akawekewa oksijeni. Yaliporudi tena, mama mkwe alisema mbele ya wageni kwamba namwogesha kwenye upepo wa jioni.

Daktari mmoja, Mungu amjalie heri, hakuridhika. Damu ya mtoto na yetu ikapelekwa kupimwa vinasaba. Majibu yalipokuja alitueleza polepole. Kirusi cha mafua kikiingia, chembe za mwili hupiga mbiu saa zile za mwanzo, kinga ikajikusanya mapema. Kwa binti yetu mbiu huchelewa, maana kinasaba kinachoiamuru kina kasoro. Mwenye nakala moja mbovu haumwi. Yeye alirithi mbili, moja kwangu na moja kwa baba yake. Kwa kuwa sisi ni watoto wa dada wawili, huenda zote zimetoka kwa nyanya yetu mmoja. Achanjwe kila mwaka, nasi pia, na mwenye mafua asimkaribie.

Nyumbani tulimsimulia mama mkwe yote, lakini hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Kwetu siku ya Idi mtoto hubebwa na kubusiwa na kila anayeingia. Nani angethubutu kumzuia mgeni mlangoni?

Mama mkwe alithubutu. Aliweka kiti barazani tangu watu watoke msikitini.

"Karibu. Wapiga chafya? Basi mkono wa Idi tutapeana ukipoa, inshallah. Halua yako hii hapa."

Jirani mmoja akanuna. "Kwani huyo mamake bado amwogesha kwenye upepo wa magharibi?"

"Mamake ni mwanangu, na hana kosa," akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Kasoro yatoka kwangu na kwa marehemu mdogo wangu, aliyemzaa. Na harusi niliipanga mimi."

Nilikuwa napakua pilau. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na yeye, huku machozi yakinidondoka. Binti yangu, mzima kabisa, alinivuta kanga akitaka nyama.