Gari la Mkulo

Kwetu Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, mtoto wa mjomba ni mtani wako. Ukipita kwake ukaona kitu kimekuvutia, unachukua, naye hana ruhusa ya kununa. Atangoja siku yake aje abebe chako. Mimi na binamu yangu tulikuwa hodari wa mchezo huo. Aliwahi kuondoka na jogoo wangu, akanirudishia manyoya ndani ya bahasha. Nilicheka wiki nzima.

Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Serikali ilipoanza kuuza viwanda, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Miezi mingi alikaa nyumbani akichonga gari dogo la mbao ya mkulo, mti wa misitu yetu, urefu wa shubiri moja. Aliliiga kutoka picha kwenye ukurasa wa gazeti la Ulaya, uliokuja umesokomezwa ndani ya kiatu cha mtumba. Lilikuwa gari la mashindano ya saa ishirini na nne, wala si la kampuni kubwa: fundi mmoja mwenye gereji yake alilibuni na kulipeleka mashindanoni kwa mfuko wake. Gari la ajabu kweli. Dereva kakaa pembeni kabisa, pua pana kama koleo, taa tatu kulia na moja tu kushoto. Binamu alipiga hesabu ya kila kipimo, akakigawa kwa ishirini. Ukigeuza usukani, magurudumu yalifuata.

Jumatatu moja nilipita kwake na lori langu la kabichi. Hayupo. Gari liko mezani, limefunikwa kitambaa safi. Nikalibeba.

"Shemeji, hilo liache," mkewe aliniambia. "Msubiri mwenyewe aje."

"Mwambie mtani kapita," nikamjibu, nikapanda lori.

Nilijiona mjanja. Sokoni Mazinde, nilikopeleka kabichi, watu walilizunguka wakiuliza nani kalichonga, nami nikasema ni mimi. Aibu ya uongo ule sijamwambia mtu.

Nilirudi Ijumaa. Nilimkuta anapalilia maharage, nikampa gari lake huku nikicheka. Akalifuta vumbi kwa shati.

"Juzi mwekezaji aliyenunua kiwanda alikuja kuchagua mafundi," alisema. "Kila mtu aliambiwa aje na kazi ya mkono wake."

"Wewe ulipeleka nini?"

"Niliwaeleza kwa mdomo."

Halafu akacheka, kama mtani anavyotakiwa kucheka. Laiti angenitukana! Kesho yake nilikwenda kiwandani kujieleza. Mlinzi hakunifungulia hata geti. Mafundi wameshapatikana, alisema, niende zangu. Binamu hakupata kazi ya mitambo tena. Aliendelea na maharage, na mimi ndiye niliyeyabeba kwenye lori kwenda kuyauza. Kila gunia lilinisuta.

Miaka miwili baadaye baba yangu alifariki. Msiba wa kwetu hauwi msiba bila watani kufanya fujo. Nilikaa nje nikimngoja binamu, nikiomba avae koti la marehemu, aigize kikohozi chake, azuie jeneza mpaka nimlipe ng'ombe wa uongo. Alifika asubuhi, kavaa suti yake, akanipa mkono.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema, akaenda kukaa na wageni.