Ithungu na Lori la Maili Arobaini

Nimeendesha malori miaka thelathini na moja, na nimekutana na mafundi wa kila namna. Wapo wanaopiga nyundo kwanza na kufikiri baadaye. Wapo wanaokurudishia injini yako huku wameshika nati tatu mkononi, wakikuambia bila haya kwamba zilikuwa za ziada. Nikiulizwa ni nani niliyemheshimu kuliko wote, namtaja Ithungu wa Kasese, na watu wananitazama kama nimelewa. Basi wacha nieleze, na anayetaka kucheka acheke nikimaliza.

Ithungu alizaliwa Nyakiyumbu, kwa wakulima wa mihogo na kahawa. Alihamia Kasese alipoolewa na Yowasi, fundi wa malori aliyekuwa na karakana ya mabati nyuma ya stesheni ya reli. Mwanzoni kazi ya Ithungu ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Yowasi alikuwa fundi hodari lakini msahaulifu ajabu. Akifungua giaboksi asubuhi, saa nane mchana anazunguka akitafuta beringi aliyoikalia. Ithungu alichoka kutafuta. Akaanza kupanga vipuri juu ya majani ya mgomba kwa mfuatano wa kutoka kwake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na aliyegusa alitukanwa kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, bila kuchaguliwa maneno. Ukipanga vipuri hivyo miaka sita, utake usitake, unajua kila kitu kinakaa wapi na kinafanya nini.

Miaka ya sabini, vipuri vilipoadimika kabisa, yeye ndiye aliyekuwa akitoa kipande kwenye lori lililokufa na kukitia uhai ndani ya jingine, na madereva wa mbali walimfuata kwa jina. Lakini ninayotaka kusimulia ni ya mwaka 1968, wakati hakuna aliyemjua, hata mimi.

Mwaka huo nilikuwa askari dereva, kijana wa kutoka Gulu, jina langu Onen, na nilikaa kambini Bwera. Lori langu lilikuwa la dizeli, kuukuu, lenye nguvu za kubeba mzigo wowote na uvivu wa kuufikisha. Halikuzidi maili arobaini kwa saa hata uliombee. Kila Ijumaa msafara wetu ulikwenda Mbarara kuchukua unga wa posho na maharage, na kwa kuwa siku zile barabara haikuaminika, malori yote yalitakiwa kwenda pamoja. Yale mapya yalikwenda hamsini, kisha yakasimama juani kunisubiri. Nikifika, askari wa ulinzi walikuwa wamekwisha kuandaa matusi.

Mkubwa wa kambi akamwita sajini wangu, Oryem, aliyesimamia magari. Akamwambia kwamba lori lile likichelewesha msafara Ijumaa ijayo, mistari yake mitatu ya begani itatoka. Jumanne asubuhi tukawa karakanani kwa Yowasi, mimi na lori langu, Sajini nyuma yangu katika Landrova.

"Fundi," Sajini alisema kabla hata hajashuka vizuri, "hii gari nataka inakimbia hamsini. Fungua gavana."

Gavana ni kifaa kilicho kwenye pampu ya dizeli, kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi. Skrubu yake ilikuwa imefungwa kwa waya na sili ya madini ya risasi tangu kiwandani. Ukikata waya ule na kukaza skrubu, injini inapiga kelele, gari linakimbia, nawe unafurahi wiki moja. Wiki ya pili pistoni inachungulia nje kupitia ubavu wa injini.

Yowasi alijifuta mikono taratibu. "Afande, hii sili sikati. Injini iko muzee. Itapasuka, na hiyo siku utakuja kunitafuta tena."

"Nimekuamuru!"

"Mimi siko askari, Afande."

Kwa maneno hayo akapakiwa kwenye Landrova kupelekwa kota gadi, mahabusu ya kambi yetu. Sajini akamgeukia Ithungu, aliyekuwa amesimama na kopo la mafuta ya taa mkononi. "Mama, tafuta fundi mwingine. Siku hii gari inakimbia hamsini, bwana yako anatoka. Haikimbii, sahau yeye." Kisha akanigeukia mimi. "Onen, wewe unabaki na gari. Isitoke machoni."

Walipoondoka nilitegemea kilio. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumfariji, ya kipumbavu kama ninavyoyakumbuka. Ithungu aliweka kopo chini, akachukua koleo, akaenda kuchuchumaa mbele ya pampu. Alikaa pale muda mrefu akiutazama ule waya.

"Mama, kata tu," nikamwambia. "Ni waya mdogo. Kesho bwana wako yuko nyumbani."

"Na wiki inakuja?" aliuliza bila kugeuka. "Ikipasuka njiani watamurudisha ndani, na hapo hatatoka. Yeye amefungwa sababu ya huu waya. Sasa mimi nikate, yeye atakuwa amefungiwa nini?"

Akarudisha koleo mahali pake, akaniuliza kama najua kupiga jeki.

Tuliinua gurudumu moja la nyuma, la upande wa pili likabaki chini limewekewa mawe. Akachora alama ya chaki kwenye tairi, akachora nyingine kwenye shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Akaniambia nizungushe tairi mara mbili kamili, polepole, na yeye akalala chini ya gari akihesabu mizunguko ya shafti. Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa huzuni. "Saba," alisema, akatoka na mavumbi mgongoni. Kwa kuwa gurudumu la pili lilikuwa limesimama, mara mbili za moja ni sawa na mara moja ya yote mawili; basi shafti ilizunguka mara saba ili magurudumu yazunguke mara moja. Kumbe uvivu wote wa lori langu ulikuwa pale, kwenye difu, chuma kile cha meno kilicho katikati ya ekseli ya nyuma. Ikipatikana difu yenye hesabu ndogo zaidi, injini itabaki na mwendo wake wa zamani, isiumie, lakini magurudumu yatazunguka zaidi. Gavana isiguswe hata kidogo.

Pale Kinyamaseke palikuwa na lori la aina ile ile, mali ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Kobusingye, lililopinduka likavunjika kichwa. Ithungu akapanda gari la pamba na kipande cha chaki mfukoni. Jioni jua halijazama akarudi na difu imefungwa kamba, nzito kama ndama. Alikuwa ameihesabu kule kule: tano na nusu. Kobusingye alikubali kuitoa kwa ahadi ya kupewa ile ya kwetu.

Jumatano yote tulifanya kazi, na nasema "tulifanya" kwa kujipendelea. Mimi nilivuta kamba na kushika nilichoambiwa nishike. Yeye alichomoa shafti, akafungua nati moja moja, akashusha difu ya zamani kwa magogo matatu na mnyororo, akapandisha ile nyingine. Nilipotaka kuharakisha kuweka oili, alinipiga kibao cha mkononi kama mtoto, mimi askari wa serikali, kwa sababu gasketi ilikuwa bado haijakaa sawa. Alhamisi asubuhi nikadhani tumemaliza. Akaanza breki, magurudumu yote manne. "Gari inakimbia lazima isimame," alisema, akaendelea kukaza.

Sajini alikuja mchana. Alipoambiwa kwamba gavana haikuguswa alivuta pumzi kwa pua, lakini akapanda. Tukaketi watatu mbele, Ithungu katikati, tukashika barabara ya Kikorongo, pale tambarare panaponyooka. Nikapandisha gia hadi ya mwisho, nikakanyaga hadi sakafuni. Mshale wa mita ya mwendo ukapanda thelathini, thelathini na tano, ukafika arobaini. Ukakaa.

"Simamisha!" Sajini alipiga kelele. Nikasimamisha. "Arobaini! Arobaini ile ile! Mama, wewe umecheza na mimi siku mbili?"

Nilifikiria Yowasi kule ndani, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimeanza kuamini. Ithungu hakupandisha sauti.

"Afande, kamba ya hiyo mita inatoka giaboksi. Haijui kama difu imebadilika. Inahesabu vile ilikuwa inahesabu zamani."

"Kwa hiyo mita inadanganya, wewe ndiyo unasema kweli?"

"Mimi pia usiniamini. Uko na saa. Mawe ya maili iko kando ya barabara. Gari ya hamsini inamaliza maili moja kwa sekunde sabini na mbili. Ya arobaini inataka tisini. Hesabu wewe mwenyewe."

Sajini alimtazama, akatazama saa yake. Akaniamuru niendeshe. Jiwe la kwanza likapita, akaanza kuhesabu kwa sauti kama yuko gwarideni. Upepo uliingia dirishani namna ambayo sikuizoea, usukani ukitetemeka, miti ikija upesi mno. Jiwe la pili likapita.

"Sabini na nne," alisema Sajini. "Haijafika."

Ithungu akanigeukia, na macho yale sijayasahau. "Dereva, umeinua muguu."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kukana, maana hakuna mwingine aliyeona. Niliogopa, mwendo ule sikuwahi kuupata katika lori lile, na mguu ukainuka wenyewe. "Ndiyo, Afande," nilisema. "Niliinua. Niliogopa."

Nilitegemea kofi. Sajini akasema tu, "Rudia."

Nikageuza lori, nikaanzia mbali. Safari hii niliuweka mguu pale chini na kuusahau, nikatazama barabara tu. Sajini akahesabu. Sitini. Sitini na tano. Jiwe likawa linakuja, sabini, na tulipolipita alikuwa ametamka sabini na moja.

Alibaki ameshika saa, akiitazama. "Tena," akasema, na tukarudia, ikawa sabini kamili. Ithungu akatoa chaki akaweka alama juu ya kioo cha mita. "Hii thelathini sasa ni karibu arobaini, dereva. Usisahau kwenye kona. Na mulima itapanda pole kuliko zamani, shika gia ya chini mapema." Akairudisha chaki mfukoni.

Tukaenda moja kwa moja mpaka Bwera. Sajini akaagiza Yowasi atolewe. Alitoka akikunja macho kwa jua, ameota ndevu, shati lile lile la Jumanne.

"Fundi," Sajini alimwambia mbele ya walinzi wote, "gari yako inakimbia hamsini. Mbona hukufanya hivi toka mwanzo?"

Yowasi alilitazama lori, akafunua boneti, akaitazama pampu na sili yake nzima. Kisha akamtazama mkewe, mwenye oili nyeusi hadi kwenye viwiko.

"Afande, mimi sikugusa hii gari. Hizo siku tatu nilikuwa ndani kwako."

"Basi wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni bwana ya fundi."

Walinzi walicheka. Sajini hakucheka. Alimgeukia Ithungu, akabana visigino, akampigia saluti kama apigiwavyo ofisa. Na Ithungu, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu Jumanne, akalia pale pale getini kwa sauti, na hakuna askari aliyethubutu kumwambia anyamaze.