Umeme wa Kwenda Michenga

Ukifika na pikipiki yako ya umeme kwenye kituo cha kuchajia cha mama Balbina, hapa Ifakara, usidhani utachomeka waya kwa sababu tu umewahi. Atakuuliza kwanza unakwenda wapi. Wa mbali, wa Kiberege, atatangulia. Wewe wa kuzungukazunguka mjini utasubiri, hata ununeje. Sisi bodaboda tunamwita Hakimu. Jina hilo nililimbandika mimi, na kumbe analipenda.

Roho mbaya hana. Laini yake ya umeme inatoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Maximilian, mwenye kiwanja. Msimu wa mavuno, mashine ikinguruma, ni pikipiki chache tu zinazoweza kuchaji pamoja. Zikizidi, swichi kuu inaruka na mashine inazima. Iliwahi kuzima, mzee akamwonya: ikizima tena, ahame. Na kituo hicho ndicho kinachomlisha yeye na wanawe.

Mama yangu, Yosefina, alipofariki, mazishi yalipangwa Michenga. Kwetu bodaboda, mwenzenu akifiwa, kijiwe kizima mnasindikiza jeneza. Yaliyotokea kituoni asubuhi ile alinisimulia Beno, mwenzangu wa kijiwe, ambaye ndiye aliyeyaanzisha. Walimiminika wote, kila mmoja akiogopa pikipiki isimzimikie njiani na waombolezaji mgongoni. Balbina alikuwa ndani akivaa kitenge cha jumuiya alimosali pamoja na mama. "Kwenye msiba hakuna zamu!" akasema Beno, na wote wakachomeka. Swichi ikaruka. Mashine ikanyamaza, mpunga wa watu ukiwa ndani.

Balbina alitoka mbio akachomoa nyaya zote.

"Michenga siyo Dodoma!" aliwafokea. "Kwenda na kurudi, nusu betri inatosha. Mwenye nusu akae pembeni."

Kisha akamfuata mzee, aliyekuwa anakuja amekunja ndita.

"Shikamoo mzee. Kituo ni changu, kosa ni langu. Nitahama. Ila nakuomba, hawa wapate kwanza umeme wa kumzika Yosefina."

"Yosefina mama yake Salvatory?"

"Huyo huyo, mzee."

Mzee alimtazama, akawageukia wateja wake wa kukoboa. "Mpunga utasubiri," akasema. Hakuiwasha tena mashine. Balbina akabaki na nyaya zake, huyu akitoka huyu akiingia, mpaka wa mwisho. Mazishini hakufika.

Hakuna pikipiki iliyozima njiani. Nilipotoa neno la shukrani makaburini, nilimtaja padri, nikawataja majirani, nilipofika kwa Balbina nikamtafuta kwa macho, nisimwone.

Wakati wa kurudi nilimpakia mzee Maximilian, ambaye naye alikuja kuzika. "Mwambie yule mama asihame," alisema. "Kuanzia kesho, asubuhi umeme ni wake. Mimi nitakoboa mchana."

Nilipompa Balbina ujumbe huo, alikaa chini akalia. Nilidhani ni furaha ya kituo kusalimika.

"Yosefina wangu," alisema, "nimeshindwa kukuimbia hata wimbo mmoja."

Basi tukamwimbia, sisi wawili, pale pale katikati ya nyaya.