Mtungi Usiopita Mlangoni

Siku Nvard alipoletwa bi harusi katika kijiji kimoja juu ya mashamba ya mizabibu ya Areni, mama mkwe hakumwonyesha kwanza chumba cha kulala. Alimshika mkono, akampeleka ghalani, akamwonyesha tundu kwenye sakafu ya udongo, upana wake kama beseni la kufulia.

"Huyu ndiye mkubwa wa nyumba hii," akamwambia. "Sisi wengine wapangaji tu."

Nvard alidhani anataniwa. Akainama kuchungulia. Giza lilishuka, likazidi kushuka, na harufu ya mvinyo wa miaka mingi ikampanda usoni. Nywele zikamsimama.

Ulikuwa mtungi wa udongo wa kuchoma, umezikwa hadi shingoni, mrefu kuliko mumewe Hrach, na Hrach hakuwa mfupi. Mlango wa ghala haukufikia hata nusu ya unene wake. Watu wa zamani walijenga hivyo: mtungi kwanza, kisha kuta, kisha paa. Anayeutaka nje abomoe nyumba.

Kazi ya kuusafisha ilimwangukia Nvard kwa sababu ya wembamba wake. Kila mwaka, zabibu zikishabarikiwa kanisani, Hrach alitangulia kushusha mshumaa kwa kamba. Ukizimika, hewa mbaya, haingii mtu. Ukiendelea kuwaka, Nvard aliteremka kwa ngazi na ndoo ya maji moto, akasugua mpaka mabega yakafa ganzi. Alifanya hivyo miaka thelathini na minne. Kisha Hrach akafariki, na mtungi ukakaa mkavu misimu mitatu.

Hapo ndipo mwanawe Tatul alipokuja kumchukua ampeleke Krasnodar anakoishi, mji wa ugenini ambao Nvard aliuona mara moja na kuuchukia mara mbili. Tatul aliondoka nyumbani akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Alikuwa mtoto mwema, na watoto wema wana balaa yao: wanakuamulia mambo kwa upole.

"Zaven atauweka mtungi mahali pazuri, mama," alisema. Zaven ndiye mwenye hoteli mpya kule barabarani. "Langoni kabisa. Watalii wakishuka kwenye basi wanapiga picha, maua yamechomoza juu."

"Maua? Kwenye mtungi wa mvinyo? Basi na mimi aniweke langoni, anipande vitunguu kichwani."

"Mama nawe!"

"Mama nini? Umeshampa neno lako, hujampa?"

"Nimempa. Leo mchana wanakuja kupima ukuta wa kubomoa."

Nvard hakulia. Kulikuwa na jambo moja aliloliona ndani ya mtungi ule tangu mwaka wake wa kwanza, na hakuwahi kumwambia mtu, hata Hrach, kwa kuogopa kuchekwa. Angeweza kumwambia Tatul sasa. Naye angeitikia, "Sawa mama," kisha ukuta ungebomolewa vilevile. Ilibidi alione mwenyewe. Asipoliona, basi tena.

"Mtungi hautoki humu mchafu," akasema. "Mifupa yangu umerithi wewe. Ingia."

Tatul alicheka, akashusha mshumaa, ukawaka vizuri, akaingia na taa na brashi. Nvard alikaa sakafuni kando ya tundu akisikiliza brashi ikikwangua. Ilikwangua muda mrefu. Alikwisha kukata tamaa iliponyamaza ghafla.

"Mama." Sauti ilitoka ardhini, nzito, kama si yake. "Kuna vidole humu."

"Vidole gani?"

"Vya mtu! Vimebonyezwa kwenye udongo, chini ya hii nta ya kuzuia mvinyo usivuje. Vinne vinne, mstari juu ya mstari, vinazunguka mtungi wote. Vyangu haviingii. Ni vidogo."

"Vya mwanamke," alisema Nvard. Akainama juu ya tundu. "Vifuate kwenda juu."

Brashi ikakwangua tena, ikipanda.

"Hapa begani mwa mtungi vinabadilika. Hivi ni vinene. Mama... aliyeanza hakumaliza."

Sasa ndipo Nvard alipolia. Mtungi kama ule hujengwa mkanda wa udongo juu ya mkanda, ukisubiri wa chini ukauke, siku baada ya siku. Yule mwanamke alifika begani, akaenda zake kulala au kupika, na hakurudi. Nini kilimpata? Nvard alijiuliza hivyo kila mwaka, huku ameegemeza kiganja chake kwenye mstari ule wa mwisho. Na yule mwingine aliyekuja hakuubomoa aanze upya. Alianzia pale pale alipoachia mwenzake. Nvard alikuwa ameona makanisa yaliyochongwa mwambani, na hayakumtetemesha hivyo.

Zaven aliingia na mafundi wawili, ametanguliwa na tumbo lake.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

Nvard alionyesha chini. Kichwa cha Tatul kikachomoza sakafuni, nywele zimejaa nta, macho mekundu.

"Zaven, nilikupa neno langu. Nalirudisha. Nitukane tu, una haki."

"Umelewa mtungi mtupu? Wageni wangu wanakuja Jumamosi!"

"Ingia uone."

"Niingie wapi na mwili huu? Unanifanya mjinga."

"Basi tia mkono," alisema Nvard. "Hapo ndani, begani. Papasa."

Tatul alipanda akampisha. Zaven alilala kifudifudi akinung'unika, akauingiza mkono hadi kwapani. Wakamwona anapapasa, anapapasa, halafu mkono ukatulia. Akabonyeza. Akabadilisha vidole, akabonyeza tena.

"Vimeingia," alisema polepole. "Vyote vinne. Kama vyangu."

Mafundi waliuliza waanze kupima upande upi.

"Nendeni nyumbani," alisema Zaven, na hakuutoa mkono.