Mtindi wa Mama Mkwe

Tumbo langu liliniaibisha mbele ya mama mkwe, Jumapili moja mchana, nyumbani kwake Soga. Alikuwa ametuandalia ugali, mchicha na samaki. Alipoinamisha kichwa kuombea chakula, tumbo likaunguruma kwa sauti ndefu, kama meza inayoburutwa chumba cha pili. Mke wangu akabana midomo asicheke. Mama akamaliza sala yake taratibu, akasema amina, akanikaribisha chakula. Mimi na yeye tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba tu. Mambo ya tumbo hayakuwa na nafasi kati yetu.

Tulipoaga, alimkabidhi mke wangu chupa ya mtindi wa ng'ombe wake. "Mpe baba," alimwambia. "Asiweke sukari." Nilisikia, nikajifanya nahangaika na pikipiki.

Nilikuwa karani katika ofisi moja Kisarawe, na nyumba yetu iko Sofu, kule Kibaha. Safari ilikuwa ndefu, na nilijiliwaza kwa sukari. Chai ya saa nne, vijiko vinne na maandazi matatu. Soda ya baridi mchana, nyingine jioni kabla ya kuanza safari ya kurudi. Matunda nilikula pale mgeni alipotuletea. Tumbo lilijaa gesi kila siku, hata nikawa nafungua kifungo cha suruali chini ya meza huku nikimhudumia mwananchi kwa uso wa kazi.

Mtindi wa mama nilionja kijiko kimoja. Ulikuwa mkali. Nikaumiminia sukari nikaunywa, mke wangu akiniangalia. "Aliyeambiwa asiweke sukari ni nani?" aliuliza. Nikaenda kuosha kikombe.

Mwishowe nikaenda zahanati. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka mingi. Vipimo havikuonyesha minyoo wala amiba. Akaniomba nimtajie ninachokula tangu asubuhi, naye akawa anaandika. Nilipofika soda ya pili akaweka kalamu chini.

"Baba, humo tumboni wanaishi bakteria wengi, na wengi wao ni wazuri. Wanapenda mboga, maharage, matunda, dona. Wewe kila siku sukari. Hao wazuri wale nini?"

"Hakuna kidonge?"

"Anza na kupunguza sukari. Na ukipata mtindi usiotiwa sukari, kunywa. Huo una bakteria hai, unawasaidia watu wengi. Ila si dawa ya kila kitu. Ukiona damu chooni au ukaanza kukonda, urudi haraka."

Nilitoka pale nikiona haya. Lakini kumwomba mama mkwe nilishindwa, kwa hiyo nikanunua mtindi dukani, ule wa rangi ya waridi wenye ladha ya stroberi. Nikawa nakunywa chupa mbili kwa siku, nikijihesabu kuwa mgonjwa mtiifu. Wiki mbili zikapita, gesi iko palepale.

Kisha mama akaja kututembelea. Alikuta chupa zangu zimejipanga kwenye friji, akamimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akakiweka kikombe mezani.

"Baba, hii ni soda ya maziwa."

Nilicheka kwa nguvu mbele yake kwa mara ya kwanza tangu nioe. Nikamweleza yote, hata habari ya kifungo. Alicheka mpaka akavuta kiti akakaa.

Jioni hiyohiyo akanifundisha. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kidole kikae humo bila kuungua. Tia kijiko cha mtindi wa jana, koroga, funika, funga kitenge, usiguse mpaka asubuhi. Mara ya kwanza nilikosa subira, nikatia mtindi maziwa yakiwa moto. Asubuhi nikakuta maji na madonge. "Umewaunguza hao bakteria wako," alisema mama, bila kunionea huruma. Mara ya pili uliganda vizuri, mweupe, mzito.

Sukari niliipunguza kijiko kimoja kimoja. Siku za mwanzo kichwa kiliuma na nilimkasirikia kila mtu ofisini. Soda niliiacha, nikawa nabeba maharage na mboga kutoka nyumbani. Kama mwezi hivi baadaye nilishtuka kwamba nimekaa kutwa nzima bila kulikumbuka tumbo.

Siku hizi mama akija tunakaa barazani, kila mmoja na kikombe chake, tunaongea. Juzi alinisimulia alivyojificha kwa shangazi yake wiki nzima, marehemu baba mkwe alipopeleka posa, na kilichomfanya atoke. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Mama, hayo mbona hukuniambia mimi?"

"Hukuuliza," mama akamjibu, akanisogezea kikombe nimwongezee mtindi.