Beseni la Nyanya Kando ya Kijito

Wiki iliyopita fundi alituvutia maji hadi jikoni, hapa Noonkopir, Kitengela. Binti yangu akafungua bomba aoshe kijiko kimoja, akaenda kutafuta sabuni, maji nayo yakaendelea kumwagika. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshasukuma beseni chini ya bomba. Mazoea yana taabu, rafiki yangu. Nilibaki nimeinama pale, nikakumbuka kijito cha mlima wa Namanga.

Kama uliishi Kitengela miaka ya tisini, unajua maji tulivyoyapata. Yaliletwa na punda, kwenye mitungi, na mengine yalikuwa na chumvi hata chai ikakataa sukari. Nyanya yangu alizaliwa Machakos, kwenye kiangazi kikali kuliko chetu, na nyumbani kwetu alikuwa ameweka utaratibu ambao hata mgeni hakuuvunja. Maji yaliyoosha mboga za sukuma wiki yaliosha miguu yetu, na yaliyoosha miguu yalikwenda kwa mlimao wa langoni. "Maji hayastaafu kwa kazi moja," alikuwa akisema.

Nikiwa darasa la saba, mwalimu wetu wa Sunday school aliamua kutupeleka kambi ya Agosti kwenye msitu wa serikali ulio juu ya mlima ule, siku chache tu, na siku ya mwisho tupande hadi kileleni. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi, ambao waliuliza watoto wanaenda msituni kutafuta nini. Aliwaahidi kwamba tutarudi tumefika juu. Jina lake lilikuwa limewekwa rehani kwa kilele kile. Nyanya yeye hakubishana. Alinifungia beseni la buluu juu ya mzigo, eti litanifaa.

Sijawahi kuona maji mengi hivyo yasiyo na mwenyewe. Yalipita kati ya mawe baridi, safi, yakiimba usiku na mchana, na kutoka chini tulisikia kengele za ng'ombe waliokuja kunywa. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ilinukia moshi na majani mabichi. Lakini sasa nikwambie tulichofanya sisi watoto wa Kitengela kando ya neema ile: tulichota kwa kikombe. Tuliosha sukuma ndani ya beseni la nyanya, tukanawa miguu kwa maji yale yale, kisha tukayabeba hadi kwenye vichaka, mbali na ukingo. Hakuna aliyetuagiza. Watoto wa Nairobi waliopiga kambi jirani walitucheka mpaka wakashika mbavu. Walituita watoto wa mitungi, wakaingia kijitoni na sabuni zao.

Asubuhi iliyofuata mlinzi wa msitu, mzee wa Kimaasai mwenye shuka juu ya sare, alikuja akifuata povu. "Mfunge mizigo, wote," alisema. "Hii maji inanywewa na watu na ng'ombe huko chini. Mimi nilisema sitaki sabuni."

Mwalimu wetu alimsalimu kwa Kimaa, "Supa." Akamwambia povu si letu.

"Na hawa watoto wanaoga wapi? Ama hawaogi?"

Tulimpeleka vichakani. Alikagua ardhi iliyolowa, akatazama beseni, akanigeukia mimi niliyekuwa nimelishika. Nikamweleza safari yote ya maji, kuanzia sukuma hadi vichakani, kama nyanya alivyonifunza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amekufunza?"

"Nyanya yangu."

"Basi huyo mama ni kama sisi," alisema. "Nyinyi mkae."

Wenzetu wa Nairobi waliondoka kabla ya chai. Sisi, siku ya mwisho, mzee mwenyewe alituongoza hadi kileleni, na mwalimu wetu alilia mbele yetu bila kujificha. Nilisimama juu ya mlima ule nikijivunia kuwa mtoto wa mitungi, na fahari ile haijanitoka hadi leo.

Niliporudi, nyanya aliuliza tu kama beseni limerudi. Kesho yake nikamsikia akimsimulia jirani wa ng'ambo ya ua, kwa Kikamba, habari za mlima asioujua, huku akizitia chumvi.

Nyanya hayupo tena. Punda wa maji wametoweka, mwalimu alihamia kwingine, na nasikia siku hizi kijito kile hukauka miezi mingine. Ninawakumbuka wote, na inaniuma.

Binti yangu alirudi na sabuni, akanikuta nimefunga bomba, beseni limejaa.

"Mum, si sasa maji iko?"

"Iko," nilimwambia. "Shika upande huo."

Tukalibeba pamoja hadi kwa mlimao wa langoni.